Waraka wa Heshima kwa Bodi ya Elimu ya Hiroshima, Kuhusu Samaki

Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Elimu ya Jiji la Hiroshima,

YAH: KUONDOLEWA KWA GEN DARASANI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Poleni na majukumu, na hongereni kwa utulivu mliouonyesha mwaka 2023, mlipopigiwa kelele kila upande nanyi msitetereke. Najua mtu wa ofisi hapendi faili lililofungwa lifunguliwe tena, hasa likifunguliwa na mtu wa mbali asiyelipa kodi jijini kwake. Mtaniwia radhi. Nitajitahidi nisiwachukulie muda, maana nasikia tatizo lenu kubwa lilikuwa ni muda.

Pengine mtauliza anayewaandikia kwa Kiswahili yanamhusu nini mambo ya vibonzo vya Kijapani. Ni swali la haki. Sehemu kubwa ya urani iliyoingia katika bomu lililoangushwa juu ya jiji lenu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji, nchi ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya migodini. Wachimbaji hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini. Mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, yeye alikuwa na fununu zake, na mwaka 1940 alihamishia zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo kwenye ghala huko Staten Island, New York, zikae zikisubiri mnunuzi. Mnunuzi akapatikana. Basi hesabuni kwamba nawaandikia kutoka upande ule mzigo ulikotokea, kuulizia ulikofikia.

Kwa faida ya wanaosoma waraka huu pamoja nanyi, nieleze kisa. Keiji Nakazawa alikuwa na umri wa miaka 6 asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945. Alikuwa amesimama kando ya ukuta wa shule yake, akizungumza na mama wa mwanafunzi mwenzake, mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita moja kutoka mahali bomu lilipolipukia. Ukuta ukamkinga yeye. Yule mama hakupona. Nyumbani, baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume walifia chini ya nyumba iliyoporomoka na kushika moto. Mama yake, aliyekuwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kike siku hiyo hiyo, na kichanga kile kikaishi miezi michache tu. Mama mwenyewe alifariki mwaka 1966. Desturi yenu ni kwamba maiti ikishachomwa, jamaa huokota mifupa. Nakazawa hakukuta mifupa ya kuokota, alikuta majivu. Ndipo mtu huyu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilikwepa bomu katika michoro yake, alipoanza kulichora.

Kazi yake kubwa, Hadashi no Gen, ambayo sisi tungeiita Gen Pekupeku, ilianza mwaka 1973 katika jarida la vibonzo la wavulana, Shonen Jump, ikahamahama majarida, ikakamilika mwaka 1987 ikiwa na juzuu 10. Tangu mwaka 2013 kurasa zake chache zilikuwa katika kitabu chenu cha masomo ya amani, kwa watoto wa darasa la tatu. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2023 mkaziondoa. Mlieleza kwamba Gen anaonekana akiimba naniwabushi mtaani ili apate vijisenti, jambo lililo mbali na maisha ya mtoto wa leo. Kwamba anaonekana akiiba samaki, koi wa mapambo, katika bwawa la mtu mwenye nacho ili mama yake mjamzito apate kula, jambo linaloweza kueleweka vibaya. Na kwamba kuyafafanua yote hayo kunakula kipindi hadi uhalisi wa bomu wenyewe usimfikie mtoto.

Kuhusu samaki nawaunga mkono. Mtoto wa miaka minane akimwona mwenzake anaiba koi, nani ajuaye? Huenda akatoka darasani akaenda moja kwa moja kwenye bwawa la jirani. Bomu halina hatari hiyo. Bomu mnaweza kumfundisha bila wasiwasi, kwa sababu mtoto wa miaka minane hana urani.

Ila kuna jambo dogo ambalo huenda kamati yenu, kwa wingi wa kazi, haikupata nafasi ya kulitazama. Samaki yule aliibwa kabla bomu halijaanguka. Gen na mdogo wake Shinji wanamwendea kwa sababu vita vimekwisha kumaliza chakula jijini, na tumbo la mama linahitaji kitu. Mimba ile ile ndiyo inayomfanya mama ajifungue tarehe 6 Agosti kando ya moto unaomla mumewe, na Shinji yule yule aliyekwenda bwawani ndiye anayeungua chini ya mbao akimwita kaka yake. Mkimtoa samaki, mtoto wa mimba hiyo, Tomoko, anazaliwa kutoka hewani, na Shinji anakufa kabla hatujamfahamu. Mlisema samaki anazuia uhalisi wa bomu kumfikia mtoto. Nimejaribu kwa heshima zote kuona ni njia gani nyingine ungemfikia.

Na naniwabushi. Mtu anasimulia kisa kirefu kwa sauti ya kughani, pembeni mwenzake anapiga shamisen. Nimemaliza kueleza. Hapa pwani mtoto hata asingehitaji hayo. Ana babu yake anayeghani tenzi, angekuombeni mwendelee na somo.

Sasa niruhusuni niwatoe Hiroshima kidogo niwapeleke Uingereza, ambako ofisi nyingine yenye nia njema kama yenu iliwahi kushughulikia suala la raia kunusurika. Mwezi Mei 1980 serikali ya huko ilianza kuuza kijitabu kiitwacho Protect and Survive, peni 50 tu. Kilimwelekeza mwananchi akae nyumbani kwake. Apake madirisha rangi nyeupe ili kurudisha joto la mlipuko. Ang'oe milango, aiegemeze ukutani, aishindilie mifuko ya mchanga au udongo, na familia iingie chini yake ikae siku 14, na maji ya kunywa ya siku hizo, na redio, na kiti kilichotobolewa chenye ndoo chini yake. Akifariki mtu humo ndani, maiti ihamishiwe chumba kingine, ifunikwe vizuri, ibandikwe jina na anwani. Zikipita siku 5 bila redio kutoa maelekezo mengine, familia ichimbe handaki izike kwa muda, na iweke alama. Kwa ofisi, hata mauti yana utaratibu wake wa kujaza fomu.

Raymond Briggs, mchoraji aliyekuwa akipendwa kwa vitabu vyake vya watoto vya Baba Krismasi na mtu wa theluji, alikisoma kijitabu kile. Mwingine angekitukana. Yeye alikitii. Mwaka 1982 akatoa kitabu cha vibonzo, When the Wind Blows, ambamo Jim Bloggs, mzee mstaafu wa kijijini, anatoka maktaba na vipeperushi vya serikali na kuvifuata kimoja baada ya kingine. Anafungua milango bawaba kwa bawaba na kuhangaikia mwinamo wa nyuzi 60. Vipeperushi vinapopingana, anaamini kwamba wakubwa lazima wana sababu zao. Mkewe Hilda anagombea mito yake isichafuliwe. Redio inapotangaza kwamba zimebaki dakika tatu, Hilda ana keki jikoni na anahofu itaungua.

Tazameni jinsi ukurasa ulivyopangwa, kwa kuwa mchoraji anasema kwa mpango wa visanduku yale ambayo waziri hasemi kwa hotuba. Maisha ya wazee hawa yamechorwa katika visanduku vidogo vidogo vilivyosongamana, chai, gazeti, soseji, mazungumzo ya kurudiarudia. Kila baada ya kurasa kadhaa unafunua na kukuta kurasa mbili nzima zenye picha moja ya giza: kombora limesimama mahali fulani, ndege ziko angani, nyambizi iko chini ya bahari. Halafu unarudi kwenye visanduku na chai. Siku ya siku ikifika, kurasa mbili ni nyeupe, karibu tupu. Baada ya hapo visanduku vinarudi, wazee wamo humo humo wakizungumza yale yale, ila rangi zinapauka ukurasa kwa ukurasa, na wao pamoja nazo. Bomba halitoi maji, basi wanakinga ya mvua na kuyachemsha, kwa sababu maji huchemshwa. Fizi zinatoka damu. Nywele za Hilda zinang'oka. Mwisho wanaingia katika mifuko ya karatasi, wanajaribu kukumbuka sala, na wanaendelea kuwasubiri wakubwa waje.

Naomba mtulie hapa kidogo, waheshimiwa. Jim Bloggs haibi hata yai. Haimbi mtaani. Hana kisanduku hata kimoja kinachoweza kueleweka vibaya na mtoto wa darasa la tatu. Ni raia mwenye adabu mwanzo hadi mwisho, na anakufa huku amefuata maelekezo. Gen anaiba, anaomba, anapigana, anaimba kwa senti, na anapona. Kama kuna ofisi duniani inayotafuta kielelezo bora cha mnusurika mstaarabu, namshauri mzee Jim bila kusita. Hasara yake ni kwamba hakunusurika.

Hapo ndipo ninapowashangaa kwa upole. Katika juzuu zile 10, bomu linaanguka mwishoni mwa juzuu ya kwanza. Tisa zilizobaki ni kuishi. Gen ananyonyoka nywele na kufanywa kichekesho. Anamtafutia mtoto mchanga maziwa katika jiji lisilo na maziwa. Anakutana na Ryuta, yatima anayeiba chakula pamoja na yatima wenzake, kwa sababu hakuna ofisi iliyokumbuka kuandaa kipeperushi cha mayatima. Anashuhudia tume ya madaktari wa Kimarekani inayowapima manusura kwa makini sana bila kuwatibu. Na yupo Seiji, mchoraji aliyeungua mikono, aliyelala katika nyumba nzuri ya ndugu zake wenye uwezo. Vidonda vinaota funza, na ndugu wanaziba pua na kumwombea afe haraka, hadi wanamlipa Gen amhudumie, maana katika nyumba nzima hakuna anayetaka kumgusa. Gen anahitaji pesa ile. Hakwenda pale kwa wema. Wema unakuja baadaye, akiwa keshazoea harufu, mpaka Seiji anashika brashi kwa meno na kuanza kuchora tena. Sijui kijitabu cha serikali yoyote ambacho kingeweza kumpangia mtu mfuatano huo.

Nikitazama mambo ya Gen mliyoyatolea hoja mwaka ule naona yote yana tabia moja: yanamwonyesha aliyeonewa akiwa na njaa, na mwenye njaa hapendezi. Sipendi kuwasingizia, na nakiri kwamba walimu wenu wana dakika 45 za kipindi na watoto thelathini na zaidi wasiokaa kimya. Nakiri pia kwamba vibonzo vile vilichorwa kwa wavulana wa mwaka 1973, vina makofi mengi na kelele nyingi, na kuna kurasa ambazo mimi mwenyewe nisingemfungulia mtoto mdogo usiku. Ushuhuda wa manusura mliouweka badala yake ni jambo la heshima, sina neno nao. Ila Nakazawa naye alikuwa manusura, na ushuhuda wake ulikuwa na samaki.

Hamkuwa wa kwanza, jambo ambalo huenda likawafariji. Mwezi Desemba 2012 maofisa wa elimu wa jiji la Matsue waliagiza shule zimfungie Gen kwenye makabati, mtoto asimsome bila ruhusa ya mwalimu. Huko tatizo halikuwa samaki; lilikuwa kurasa za juzuu za mwisho zinazoonyesha ukatili wa askari wa Japani katika nchi nyingine za Asia. Nakazawa alifariki tarehe 19 ya mwezi huo huo, kwa hiyo hawakuweza kumwomba maoni hata kama wangetaka. Habari ilipojulikana mwezi Agosti uliofuata, nchi ikachemka, na mwezi haukuisha kabla agizo halijafutwa. Nawataja watu wa Matsue kwa sababu wamethibitisha jambo ambalo kwa kawaida maofisa huliona haliwezekani kisheria, yaani kubatilisha uamuzi na kesho yake kwenda kazini kama kawaida.

Jirani zenu wa Makumbusho ya Amani nao, mwaka 2017, waliziondoa zile sanamu za watu wanaotembea ngozi zikining'inia mikononi, wakieleza kwamba sasa wataegemea vitu halisi vilivyoachwa na marehemu. Hoja hiyo ina uzito, na baiskeli ndogo ya mtoto iliyoungua ina uzito kuliko sanamu yoyote. Katika uamuzi wenu wa mwaka 2023 mkaitoa pia, katika kitabu cha shule ya sekondari, habari ya meli ya uvuvi Daigo Fukuryu Maru, ambayo mabaharia wake 23 walinyeshewa majivu ya bomu la majaribio la Kimarekani huko Bikini tarehe 1 Machi 1954, na fundi redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki mwezi Septemba mwaka huo. Hao walikuwa wamekwenda kuvua jodari, kwa leseni, na bado samaki wao wakakutwa na tatizo. Inaelekea katika masomo ya amani samaki hana bahati, awe wa kuibwa au wa halali.

Na mwezi Mei 2023, Gen akiwa amekwisha kutoka darasani, jiji lenu lilipokea wakuu wa nchi saba tajiri, watatu kati yao wakiwa na mabomu ya nyuklia, nao wakaweka mashada ya maua mbele ya kamera. Sisemi kuna uhusiano. Bodi ya elimu haipangi itifaki za marais, na ratiba ya vitabu huandaliwa mapema. Wahenga wetu husema funika kombe mwanaharamu apite. Mimi sijui mwanaharamu ni nani hapa, nami sitauliza. Ninachojua ni kwamba wageni walipita.

Ombi langu ni dogo na linatekelezeka bila bajeti ya ziada. Rudisheni ukurasa mmoja. Msirudishe juzuu zote, wala maiti, wala moto. Rudisheni ule wa bwawani peke yake. Mwalimu asifafanue kitu. Awaulize watoto mama yule alikuwa akila nini wiki ile, kisha anyamaze waseme wao. Kama kuna mtoto atakayejibu kwamba wizi ni mbaya, asahihishiwe kuwa amepata, kwa sababu amepata. Kama mwingine atauliza kwa nini bwawa la mtu lilikuwa na samaki wa kutazamwa wakati jiji zima halina cha kupika, mwalimu naye asikimbilie kufunga kipindi. Swali hilo lingempendeza baba yake Nakazawa, mtu aliyekuwa akipinga vita waziwazi mpaka akawekwa ndani na polisi, nalo linajibika kwa dakika zenu 45, na zinabaki.

Naambatanisha shukrani zangu kwa kunisoma hadi hapa, na ninasubiri majibu yenu kwa njia yoyote mtakayoona inafaa, isipokuwa kipeperushi.

Wenu katika ujenzi wa amani,

Msomaji wa Vibonzo

Nakala:

Ofisi ya Elimu, Matsue – kwa taarifa, pamoja na pongezi za kufungua kabati.

Wizara ya Mambo ya Ndani, London – kwa taarifa. Mzee Bloggs alitimiza maelekezo yote, milango inaweza kurudishwa.

Mwenye bwawa, popote alipo – kwa utekelezaji.